Jinsi ya kupima kina cha matairi ya lori, tokea usukani hadi ekseli ya mwisho ya trela

Ukipita Magongo, Jomvu au Miritini hapa Mombasa kabla jua halijachomoza, utawaona madereva wakizunguka malori yao na kipande cha nondo mkononi. Ngo, ngo, ngo, tairi baada ya tairi, kisha mtu anapanda kichwani, anawasha, huyo, Mariakani. Kugonga kuna kazi yake. Tairi lililoisha upepo hulia vingine, na sikio lililozoea hulitambua mara moja. Ila nondo haikwambii kama mifereji ya tairi imebakiwa na kina cha milimita tisa au nne.

Mimi niliweka daftari la matairi kwenye yadi moja ya Changamwe kwa miaka kadhaa, na somo langu kubwa nililipata kwa hasara. Tairi la ndani la ekseli ya nyuma ya trela lilipasuka tulipopita Taru, saa nane mchana, kontena la futi arobaini likiwa mgongoni. Nilipofungua daftari, tairi lile lilikuwa na milimita 8, mwandiko wangu mwenyewe, siku tisa nyuma. Na kweli zilikuwa 8. Nilikuwa nimepima mfereji nilioufikia bila kulala chini. Bega la upande wa pili, lile linalotazamana na chesisi, lilikuwa limelika mpaka nyaya za chuma.

Kwa hiyo tuanzie hapo: tairi moja halina kipimo kimoja. Lina tisa, nami nitaeleza zinavyopatikana.

Vifaa

Unahitaji geji ya kina cha tairi, ile yenye sindano inayoshuka chini ya mfereji huku kitako chake kikikaa juu ya meno ya tairi. Ya kusukuma kwa kidole inatosha, ya dijitali inasomeka upesi zaidi gizani. Usipoipata, kalipa ya vania ya fundi mashine inafanya kazi ileile kwa ule ulimi mwembamba unaotoka mkiani mwake unapoifungua. Rula ya shule achana nayo. Sifuri yake mara nyingi haianzi ukingoni, na huwezi kuisoma vizuri ndani ya mfereji wenye kivuli.

Geji yoyote uliyo nayo, ijaribu kwanza juu ya kioo cha meza. Ibonyeze mpaka kitako kilale sawasawa: isome sifuri. Yangu ilianguka sakafuni siku moja ikaanza kusoma 0.4 bila mtu kujua, na kwa mwezi mzima kila tairi la yadi lilikuwa "zima" kuliko lilivyokuwa. Milimita 0.4 inaonekana ndogo, lakini kwa tairi la trela ni maelfu ya kilomita.

Chukua na geji ya upepo ya lori yenye kichwa cha pande mbili, ili ufikie valvu ya tairi la ndani, tochi, chaki, bisibisi bapa, glavu nzito, maana waya wa tairi lililochakaa huchana kidole kama mwiba wa samaki, na kipande cha katoni cha kulalia. Bila katoni hutalala chini, na usipolala chini hutapima upande wa ndani. Nimeona watu wazima wakibuni vipimo vya upande huo ili wasichafue shati.

Kabla sindano haijagusa mpira

Egesha lori mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini, weka magogo au mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Ufunguo uwe mfukoni mwako wewe unayeingia chini, si kwa tanboi, msaidizi wa dereva, hata awe mwanao. Trela ikiwa imeinuliwa kwa jeki peke yake, usiingie kabisa.

Pima upepo kwanza, tairi likiwa baridi, yaani limekaa muda wa saa tatu au zaidi bila kutembea. Kiasi sahihi kinatoka kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi, kulingana na saizi na mzigo. Kwenye matairi ya saizi ya 315/80R22.5 yanayobeba makontena wengi huzunguka PSI 120. Tairi lililopungua kwa asilimia 20 au zaidi, yaani 96 kushuka chini kwa mfano huu, lihesabu kuwa ni pancha. Usiliongeze upepo likiwa garini kisha ukaondoka. Likitembea hivyo na mzigo, ubavu hujikunja kupita kiasi, nyaya za ndani huchoka, na siku ya kulijaza ndiyo siku ubavu unapofunguka kwa kishindo. Livuliwe, fundi alikague kwa ndani, na kulijaza kufanyike ndani ya kizimba cha chuma. Na tairi lililotoka safari likisoma juu kuliko kawaida, usilipunguze: ni joto tu, litashuka likipoa.

Kuyapa matairi majina

Kichwa cha ekseli tatu kikivuta trela ya ekseli tatu zenye matairi mawilimawili kina matairi 22: mawili ya usukani, manane ya difu (ekseli zinazozungushwa na injini), kumi na mawili ya trela. Bila jina la kila mahali, daftari lako ni porojo.

Hapa Kiswahili kinatuletea kichekesho kidogo: kushoto na kulia zote zinaanza na K, nje na ndani zote N. Mimi hutumia S kwa kushoto, L kwa kulia, J kwa nje, D kwa ndani. Ekseli zinahesabiwa kuanzia mbele. Basi 4SD ni ekseli ya nne, kushoto, tairi la ndani. Tairi la usukani la kulia ni 1L tu.

Kando ya jina la mahali, andika namba ya tairi lenyewe, ile iliyo ubavuni au ile mliyoichoma kwa chuma cha moto. Matairi huhama. Mengine huhama usiku, garini likaingia zee la watu wengine, na lisilo na namba halina ushahidi. Andika pia umri: karibu na herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho, wiki na mwaka. 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021.

Kupima kwenyewe

Safisha mifereji kwa bisibisi. Malori yanayoingia yadi za kokoto hurudi na changarawe zimeng'ang'ania ndani, na sindano ikikaa juu ya jiwe utaandika uongo bila kukusudia.

Tafuta mifereji mikuu, ile inayozunguka tairi lote. Vijichanjo vyembamba vilivyokatwa kwenye meno havipimwi, maana vina kina kifupi tangu kiwandani. Kwenye mfereji mkuu kuna vitu viwili vya kukwepa. Cha kwanza ni vibao vya alama ya kuisha, vimejitokeza chini ya mfereji kwa kimo cha kama milimita 1.6, begani utaona herufi TWI au kipembetatu kinachokuonyesha vilipo. Cha pili ni vinundu vidogo ambavyo watengenezaji wengine huviweka chini ili kusukuma mawe nje. Sindano ikipanda juu ya kimojawapo, kipimo kitakuwa kidogo kuliko ukweli.

Bonyeza kitako cha geji juu ya meno, kikae bapa, kisizame kwenye kijichanjo. Shusha sindano wima. Soma. Pima mfereji wa nje, wa katikati, wa ndani. Kisha weka alama ya chaki, nenda theluthi ya mzunguko, rudia. Theluthi nyingine, rudia tena. Sehemu inayokanyaga ardhi haipimiki, kwa hiyo omba lori lisogezwe kidogo au chagua sehemu tatu zilizo wazi. Hivyo ndivyo zinavyopatikana zile tisa.

Hakuna mwenye muda wa kuandika vipimo 198 kwa lori moja. Andika vitatu kwa kila tairi: kidogo kabisa cha upande wa nje, cha katikati na cha upande wa ndani. Usichukue wastani. Tairi lenye 9, 9 na 3 lina wastani wa 7, na wastani huo haujawahi kumsaidia mtu barabarani. Tairi hilo ni la milimita 3.

Tahadhari ya mwisho hapa ni matairi yaliyochongwa. Kuna mafundi wanaochukua kipara na kukichonga mifereji mipya kwa kisu cha moto, na geji itakusomea 5 au 6 bila haya. Kuchonga kunaruhusiwa kwa tairi lililoandikwa REGROOVABLE ubavuni peke yake, kwa sababu limewekewa mpira wa ziada chini ya mifereji. Lisiloandikwa hivyo, kisu kimekula mpira unaofunika nyaya. Utalijua: kingo za mfereji ni kali kama zimekatwa jana, mstari unayumba, na vibao vya TWI vimekatwa katikati au havipo.

Mawili yanayokaa pamoja

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme 4SJ lina milimita 12 na jirani yake 4SD lina 9, saizi moja, upepo sawa. Tofauti ya milimita 3 ya kina ni milimita 6 za kipenyo, na mzunguko mmoja wa tairi kubwa ni mrefu kwa takriban milimita 19. Yamefungwa pamoja kwenye habu moja, lazima yazunguke sawa. Kwa hiyo katika kila mzunguko dogo linaburutwa hizo milimita 19. Saizi ya 315/80R22.5 huzunguka kama mara 142,000 kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480 hivi. Zidisha: tairi dogo limesuguliwa kwenye lami karibu kilomita 2.7 kwa safari moja ya kwenda tu. Kwa kweli mpira hujikunja na kumeza sehemu ya tofauti hiyo, lakini kunakozidi kunalika.

Na kubwa nalo linaumia kivyake. Sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 24 kwenye kundi la ekseli tatu za trela zenye matairi 12, yaani tani mbili kwa tairi yakigawana sawa. Hayagawani sawa. Lililo refu hubeba zaidi, linapata joto zaidi, na pale Mariakani mizani itakupitisha kwa sababu inapima ekseli, haioni jinsi jirani wawili wanavyogombania mzigo ndani ya ekseli hiyo.

Kwa hiyo tofauti ya kina kati ya jirani isizidi milimita 3. Ikizidi, tafuta mwenzi anayelingana kwingineko garini. Na hakikisha upepo wao ni sawa, maana tofauti ya upepo hufanya jambo lilelile hata kama kina kinalingana. Valvu ya tairi la ndani ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu ileile ya katoni.

Namba zinasema nini

Vipimo vitatu vikikaa pamoja huanza kuongea. Katikati kukiisha kabla ya mabega, tairi limekuwa likijazwa kupita mzigo wake. Hutokea sana kwa malori yanayorudi matupu. Mabega yote mawili yakiisha na katikati kungali kuna meno, upepo ulikuwa mdogo. Bega moja tu: alaimenti, au kingipini na beringi zimelegea, au ekseli ya trela imepinda. Ukiona bega la ndani limeliwa kwenye matairi ya pande zote mbili za ekseli ileile ya trela, usibadilishe matairi kwanza. Ekseli imekunjika kwa mizigo, na itakula mapya vilevile.

Kuna yasiyosomeka kwa geji. Vua glavu, pitisha kiganja taratibu kuvuka uso wa tairi la usukani, kwenda na kurudi. Kukiwa laini upande mmoja na makali ukirudi, magurudumu ya mbele hayatazami sambamba. Mabonde mabonde kuzunguka tairi ni shokamzoba zilizokufa, balansi au beringi. Bapa moja pekee mahali pamoja ni breki iliyoshika gurudumu likaburuzwa. Hapo muulize dereva kwa upole. Mara nyingi hadithi ni ya kweli na inahusu boda boda.

Mombasa tuna ugonjwa wetu. Trela ya ekseli tatu ikikata kona kali, matairi ya ekseli ya kwanza na ya tatu husukumwa kwa upande, kwa sababu trela huzunguka karibu na ekseli ya katikati. Lori linaloshinda likihamisha makontena kati ya bandari ya Kilindini na yadi za Changamwe hukata kona hizo mchana kutwa juu ya zege. Matairi yake ya ekseli ya 4 na ya 6 yataisha kabla ya ya 5 hata kama halijawahi kufika Voi. Usilipime kwa matarajio ya lori la safari ndefu, na usimlaumu fundi wa alaimenti. Zungusha: ya katikati yaende pembeni kabla tofauti haijazidi.

Ya kutoa lini?

Marekani haikubali tairi la usukani la lori chini ya inchi 4/32, yaani milimita 3.2, na mengine chini ya 2/32, milimita 1.6. Uingereza inaridhika na milimita 1 kwa malori ya zaidi ya tani 3.5. Hizo ni namba za mwisho wa ukuta, chini yake ni kosa. Mimi husimama mapema: usukani milimita 5, difu 4, trela 3. Yaliyotolewa usukani na 5 hayatupwi, huenda yakamalizia maisha kwenye trela. Na ukitaka riteredi, yaani ganda la tairi la zamani livalishwe mpira mpya, lazima ulitoe likiwa na mpira wa kutosha kulinda nyaya. Ganda lililokanyaga mpaka waya, kiwanda cha riteredi kitakurudishia. Riteredi yenyewe siiweki usukani. Nikipasukiwa huko mbele sina tairi la pili kando yake la kunishika.

Mvua nayo inaingia kwenye hesabu. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi Mombasa, na mfereji ndio njia pekee ya maji kutoka chini ya tairi. Tairi lenye 4 mwezi wa Februari linaonekana halina neno. Nenda nalo ukashuke Mazeras lami imelowa, ndio utajua lina neno.

Daftari ndilo linalolipa

Kipimo cha leo peke yake kinakwambia hali. Viwili vilivyoachana kwa kilomita zinazojulikana vinakwambia mwendo. Mfano: tairi la difu 2LJ lilifungwa likiwa na milimita 18. Leo, baada ya kilomita 46,000, lina 12.5. Limekula 5.5, basi milimita moja inakwenda kilomita 8,360 hivi. Hadi kufika 4 limebakiwa na 8.5, kama kilomita 71,000, yaani safari 74 za Nairobi na kurudi. Sasa unaweza kupanga pesa badala ya kukopa Mtito Andei usiku kwa bei ya Mtito Andei.

Hesabu hiyohiyo inalinganisha matairi. Tuseme la shilingi 40,000 lina milimita 14 za kutumika: kila milimita umeinunua karibu shilingi 2,860. La shilingi 30,000 lenye milimita hizohizo, likiisha milimita moja kwa kila kilomita 5,000 badala ya 8,360, si rahisi hata kidogo, na daftari litakuonyesha hivyo kabla ya fundi yeyote kukubishia. Usiamini hesabu ya kilomita elfu chache za kwanza, lakini. Tairi jipya hulika upesi mwanzoni, hasa la difu lenye meno marefu.

Pima kila lori mara moja kwa mwezi, matairi ya usukani kila baada ya majuma mawili. Ongeza kipimo kimoja kabla ya masika, na kimoja mapema kabla ya ukaguzi wa mwaka wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Kenya. Anayepima awe mtu mmoja kwa geji moja kila mara. Mikono miwili tofauti itakupa milimita nusu ya bure.

Na ukimaliza ya 22, kuna la 23. Spea lililofungwa chini ya trela hupimwa na nani? Chumvi ya bahari imekula mnyororo wake, upepo uliisha tangu mwaka juzi, na lilipowekwa huko lilikuwa tayari limetolewa mahali kwa sababu fulani. Lishushe, lipime mifereji mitatu kama wenzake, lijaze, na liandikwe kwenye ukurasa uleule.